Tuliimba Kwanza, Tukapendana Baadaye

Nilihamia Arusha mwaka 1983, muuguzi kijana nimetoka Rungwe, sina ndugu wala jamaa kuanzia Usa River hadi Monduli. Hospitali ilinipa kitanda katika bweni la wauguzi. Balozi wa nyumba kumi aliniandikisha kwenye duka la kaya, nipate sukari na sabuni zilipopatikana. Hayo mawili yalikuwa haki yangu. La tatu nililipata kwa dada mmoja wa zamu ya usiku, aliyenisikia nikiimba chini chini huku natandika vitanda, akaniuliza naimba sauti ya ngapi.

"Ya pili," nikamjibu. Kwetu Moravian mtoto huijua sauti yake kabla hajajua kusoma.

"Basi Alhamisi jioni usipange kitu."

Kwaya yenyewe ilikuwa ya usharika wa Kilutheri pembezoni mwa mji. Walikuwamo Wameru, Waarusha, Wachaga, Wapare na Wairaqw. Mnyakyusa nilikuwa peke yangu. Walikuwamo wafanyakazi wa kiwanda cha matairi, walimu, karani wa benki, akina mama wauza ndizi wa soko kuu na wanafunzi wa sekondari. Mwalimu wa kwaya alifundisha shule ya msingi, mtu mfupi, mwenye subira ndefu kwa noti na fupi kwa wachelewaji. Noti aliziandika ubaoni kwa chaki, kwa herufi za solfa. Umeme ulipokatika, na ulikuwa haukawii kukatika, tuliwasha karabai tukasogeleana.

Kila sauti ilijifunza kipande chake peke yake kwanza. Aliyeimba sauti ya pili anajua adha yake: unakaa kwenye noti moja mstari mzima, pengine miwili, huku sauti ya kwanza wanapanda na kushuka na wimbo wote. Peke yake kipande chako hakina ladha. Kisha mwalimu anainua mikono, sauti nne zinaingia kwa pamoja, na ile noti iliyokuchosha unaisikia imebeba wengine. Kifua kizima kinakusisimka. Sikuwa na jina la jambo lile. Nilijua tu kwamba kila Ijumaa asubuhi niliingia wodini nikiwa mwepesi.

Nyingi za nyimbo zetu zilitoka katika Mwimbieni Bwana, na nyingi humo ni tenzi za Kijerumani. Hizo tuliziimba tumesimama wima, mikono imeshika vitabu. Lakini Makumira haikuwa mbali, pale njia ya Moshi, na kutoka chuo kile cha theolojia zilikuwa zimetoka nyimbo za mahadhi ya kwetu. Mmoja ulikuwa Mfurahini, Haleluya, ambao maneno yake yaliandikwa mwaka 1966 na Bernard Kyamanywa alipokuwa mwanafunzi pale. Leo umo katika vitabu vya nyimbo vya makanisa ya Ulaya na Marekani. Huo ulipoanza mabega yalijiendea yenyewe. Hata wazee wa kanisa waliokaa mbele, ambao wasingekubali kuitwa wachezaji, nyayo zao ziligonga sakafu.

Miaka mingi baadaye, nilipohamia idara ya utengamao na kuanza kusoma habari za ubongo, nilikuta maelezo ya nyayo zile. Mwaka 2007 Jessica Grahn na Matthew Brett wa Cambridge waliwalaza watu ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo na kuwasikilizisha midundo. Watu wale walilala kimya, hata kidole hawakusogeza. Hata hivyo midundo yenye mapigo ya wazi iliamsha sehemu za ubongo zinazopanga mwendo wa mwili. Kwa hiyo sikio halisikii mdundo peke yake. Ubongo umekwisha kuandaa miguu. Na utafiti wa mwaka 2009 uliwahusu vichanga wa siku mbili tatu tangu kuzaliwa: pigo kuu la mdundo liliporukwa, ubongo wa kichanga, tena usingizini, ulionyesha kushtuka. Tunazaliwa tukilisubiri pigo lijalo.

Naeleza haya kwa sababu watu wakisikia habari za kwaya hudhani ilikuwa mahali pa wapendanao. Haikuwa hivyo. Tulikuwa watu wa kawaida, na tuligombana kama watu wa kawaida: nani apewe kuongoza kiitikio, nani asafiri na nani abaki, michango imekwenda wapi. Ugomvi ninaoukumbuka kuliko yote ulikuwa wa sare. Miaka ile vitambaa vilikuwa adimu; RTC, kampuni ya biashara ya mkoa, wakipata majora, habari ilienea mjini kabla lori halijashusha mzigo. Tulichanga, tukapata kitambaa cha kijani kilichokoza, si kwa kukichagua bali kwa kukikuta. Kazi ya kushona akapewa mmoja wa besi zetu, fundi cherehani mwenye banda karibu na stendi. Mtunza hazina alikuwa yule mama karani wa benki, jirani yangu katika sauti ya pili. Sare zilipokamilika, magauni yakapungua. Mama akasema kitambaa kilikatwa kikauzwa. Fundi akasema kililetwa kikiwa pungufu. Mzee wa kanisa aliwaita, wakapeana mikono mbele yake, na walipotoka nje kila mmoja akashika njia yake. Tangu siku hiyo "Bwana Yesu asifiwe" ikakatika kati yao.

Ila Alhamisi walikuja wote wawili. Kulikuwa na wimbo wa Pasaka ambao sauti ya pili na besi huingia pamoja, wengine wote wamenyamaza. Hakuna kinanda cha kukupa ishara. Ili mwingie kwa pigo moja lazima mtazamane. Wakatazamana. Yule mama alivuta pumzi, fundi akaivuta naye, wakaingia pamoja bila kupishana hata kidogo. Wimbo ulipokwisha kila mmoja akaangalia kwingine. Hivyo Alhamisi baada ya Alhamisi. Sikuwahi kusikia kwamba wamepatana, wala jambo la kitambaa halikuamuliwa. Lakini mama wa fundi alipofariki, mtunza hazina ndiye aliyefika msibani wa kwanza, akiwa na daftari la michango mkononi, na ndiye aliyekesha jikoni na akina mama wengine hadi maziko.

Wakati ule nilidhani ni imani tu, na imani ilikuwamo. Baadaye nikasoma utafiti wa watu watatu wa Oxford, Eiluned Pearce, Jacques Launay na Robin Dunbar, uliotoka mwaka 2015. Walifuatilia madarasa mapya ya watu wazima, wanafunzi wasiojuana. Madarasa mengine yalijifunza kuimba, mengine uandishi na kazi za mikono. Baada ya miezi saba wote walikuwa wamekaribiana, na kwa kiwango kilekile. Tofauti ilikuwa mwanzoni: waimbaji walikaribiana upesi, kabla hawajapata nafasi ya kufahamiana mmoja mmoja. Wale wa madarasa mengine walijenga urafiki kwa njia tuliyoizoea: kuuliza jina, kazi, watoto wangapi. Waimbaji walianza na ukaribu, habari za watoto zikafuata.

Nilipousoma nilijiona mwenyewe mwaka 1983. Kabla sijajua majina ya nusu ya wanakwaya nilikuwa tayari nakwenda nao misibani, napanda nao lori la mizigo kwenda kuimba Karatu, nalala nao sakafuni katika darasa la shule. Nilipoanza kujiuliza wale ni nani kwangu, jibu lilikuwa limekwisha kutolewa.

Kama muuguzi nilivutiwa zaidi na namna mambo haya yanavyopimwa. Ubongo una kemikali zake za kutuliza maumivu, endofini, zinazofanya kazi kwa njia ileile ya mofini. Kuzipima moja kwa moja katika ubongo wa mtu anayeimba ni shida, kwa hiyo Dunbar na wenzake hutumia njia ya kuzunguka: wanaufunga mkono wa mtu kwa mkanda wa presha, uleule niliowafunga wagonjwa maisha yangu yote, na kuujaza upepo mpaka aseme inatosha. Kwa wanakwaya wa London, katika utafiti wa mwaka 2016, baada ya mazoezi watu walivumilia kubanwa zaidi kuliko kabla ya mazoezi. Waliposhiriki katika kwaya kubwa ya watu zaidi ya mia mbili, ambamo wengi hawakujuana, hisia zao za ukaribu ziliongezeka hata kuliko zilivyoongezeka katika vikundi vyao vidogo. Nikakumbuka mashindano ya kwaya ya dayosisi, sharika zote zimejaa uwanjani, na ule wimbo wa mwisho tulioimba wote kwa pamoja kabla ya matokeo kutangazwa. Kwa dakika zile hakukuwa na mpinzani pale.

Wengine husifu homoni ya oksitosini. Hiyo naijua kwa sindano: tunamchoma mama aliyejifungua ili asivuje damu nyingi. Ndiyo hiyohiyo inayotajwa katika upendo wa mama na mtoto. Lakini kwa waimbaji majibu yamegongana. Kuna vipimo vilivyoonyesha imepanda na vingine imeshuka. Sitaiweka hesabuni.

Moyo ni habari yenye uhakika zaidi. Kila muuguzi aliyeshika mshipa wa kijana anajua kwamba moyo huongeza kasi mtu anapovuta pumzi na hupunguza anapoitoa. Kuimba ni kutoa pumzi kwa muda mrefu na kuivuta kwa haraka, na katika kwaya wote mnavuta mahali pamoja kwa sababu mwalimu ameweka alama ya pumzi. Björn Vickhoff na wenzake wa Göteborg, Sweden, walipima vijana waliokuwa wakiimba pamoja, na kimojawapo walichoimba kilikuwa utenzi wa kanisani. Mwaka 2013 wakaeleza kwamba mioyo yao iliongeza na kupunguza kasi kwa pamoja, kwa kufuata mistari ya wimbo. Kwa hiyo fundi na mtunza hazina, ambao hawakusalimiana, inaelekea mioyo yao ilikwenda pamoja kila Alhamisi.

Hapo ndipo ninapotaka msomaji asinielewe vibaya. Kitu chenye nguvu ya kuunganisha watu wasiopatana hakiulizi wanaunganishwa kwa ajili ya nini.

Nilikuwa shuleni vita vya Kagera vilipoanza mwaka 1978. Kila alfajiri tulikimbia mchakamchaka, barabara ya vumbi, miguu mia kadhaa ikitua kwa pamoja, na nyimbo zote zilikuwa za kumlaani Idi Amin na kumtakia kifo. Nilikuwa msichana mpole, kuchinja kuku tu kulinitoa machozi. Lakini ndani ya mchakamchaka niliimba habari za damu kwa furaha tupu, na sikuchoka. Mwanahistoria William McNeill aliandika juu ya hali hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1995. Aliingizwa jeshini Marekani mwaka 1941, akafanyishwa gwaride Texas, gwaride lisilo na faida yoyote katika vita vya kisasa, na akajishangaa kwa raha aliyoipata. Alieleza kwamba majeshi, dini na vijiji vya wakulima vimetumia raha hiyo kwa karne nyingi.

Watafiti wameifikisha maabara. Mwaka 2009 Scott Wiltermuth na Chip Heath walionyesha kwamba watu waliotembea kwa hatua moja, au kuimba pamoja, walishirikiana zaidi katika michezo ya fedha iliyofuata. Hiyo ndiyo habari iliyopendwa. Mwaka 2012 Wiltermuth akaleta ya pili: waliotembea hatua moja na kiongozi wao walikuwa wepesi zaidi kumtii alipowataka waue wadudu. Hata kwa watoto iko hivyo. Katika kwaya yetu akina mama waliimba na watoto mgongoni, mtoto anayumba na mama, anawatazama waimbaji wengine wanaoyumba vilevile. Laura Cirelli na wenzake wa McMaster, Canada, walifanya karibu hivyo na watoto wa miezi 14: mtoto amebebwa, anarushwarushwa kwa muziki, mbele yake mtu mzima anaruka ama kwa mapigo yaleyale ama kwa mapigo tofauti. Baadaye mtu huyo anaangusha kitu. Watoto waliorushwa naye sawasawa walimwokotea zaidi. Lakini mtu mwingine aliyekuwa amekaa pembeni tu hakupata nyongeza hiyo ya msaada. Mdundo uliwaambia watoto nani ni wao.

Sisi wa Arusha hatukuhitaji maabara kulijua hilo. Baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, Mahakama ya Umoja wa Mataifa iliwekwa mjini kwetu, katika kituo cha mikutano cha AICC, tukazoea kupishana na misafara ya magari yake. Mmoja wa walioletwa pale alikuwa Simon Bikindi, mwimbaji na mtunzi aliyependwa sana kwao, ambaye nyimbo zake zilipigwa na redio ya RTLM. Tarehe 2 Desemba 2008 alihukumiwa kifungo cha miaka 15 kwa kuchochea mauaji ya kimbari hadharani. Kilichomfunga ni maneno aliyoyasema barabarani kwa kipaza sauti Juni 1994. Lakini majaji walikubali pia kwamba baadhi ya nyimbo zake zilichochea chuki ya kikabila. Alhamisi iliyofuata mwalimu wetu, mzee sasa, alisimama mbele ya kwaya kwa muda bila kutoa noti. Kisha akasema, "Tuangalie tunaimba nini," akatoa do.

Lakini nguvu ileile niliiona pia ikisaidia. Baada ya hukumu ile, yule fundi cherehani wetu alipata kiharusi. Kilimpiga upande wa kushoto wa ubongo, mkono wa kulia ukalegea na maneno yakapotea. Alielewa aliyoambiwa, ila kinywani alibaki na neno moja, "basi". Kwa kila jambo "basi". Mwaka 1861 huko Paris daktari Paul Broca alimchunguza mgonjwa aliyekuwa akitamka "tan" tu, na baada ya kifo chake akakuta sehemu iliyoharibika mbele ya ubongo, upande wa kushoto. Fundi wetu alikuwa na ugonjwa huohuo: afasia.

Kwa mzee wa kwetu ugonjwa huu una adha yake ya pekee. Vijana wakaja kumwamkia: "Shikamoo, mzee." Akafungua kinywa, ikatoka "basi". Hakuna kijana anayejua la kufanya na shikamoo isiyoitikiwa. Walikaa kidogo, wakaaga. Baada ya muda wakawa wanapita kwa mbali. Mzee hakunyimwa chakula wala dawa. Alinyimwa salamu, kwa sababu hakuweza kuilipa.

Kwaya ilikwenda kumwona, kama ilivyo desturi. Tukaimba utenzi wa zamani wa Mwimbieni Bwana. Mtunza hazina, naye sasa bibi, alikaa kwenye kigoda karibu na kitanda, uso kwa uso na mgonjwa, na kabla ya kuingia akavuta pumzi kwa kuonekana, kama zamani. Fundi akavuta. Besi ikatoka, ikiwa na maneno. Si yote, na mengine yalikuwa na kona zilizovunjika, lakini ubeti mzima ulipita. Mke wake alikaa chini.

Hapakuwa na muujiza, na jambo lenyewe si geni. Mwaka 1745 Olof Dalin wa Sweden aliandika habari za mtu aliyepoteza usemi, akabaki na neno la kukubali tu, lakini aliweza kuimba tenzi za kanisa alizozijua tangu zamani, mradi mwingine amsindikize mwanzoni. Mwaka 1973 wataalamu wa Boston walitunga tiba inayotumia jambo hilo: mgonjwa anaimba vifungu vifupi vya maneno kwa sauti mbili tatu, taratibu, huku mkono wa kushoto ukigonga mapigo. Wengine waliamini kwamba ni upande wa kulia wa ubongo, mkubwa katika muziki, unaochukua kazi. Utafiti uliofuata ukaongeza mambo. Benjamin Stahl na wenzake wa Leipzig mwaka 2011 walionyesha kwamba mdundo, na maneno yaliyozoeleka, vinabeba zaidi kuliko mahadhi. Na mwaka 2006 Amélie Racette, Céline Bard na Isabelle Peretz wa Montréal waligundua lile ambalo kwangu ndilo kubwa: mgonjwa akiimba peke yake hafaulu zaidi ya anapozungumza, lakini akiimba pamoja na mtu mwingine, maneno yanaongezeka.

Basi tukaanza kazi. Tenzi hazikumrudishia maongezi, kwa sababu huwezi kuagiza maji kwa utenzi. Tulitafuta maneno yaliyokaa kinywani kwake maisha yote, na la kwanza tulichagua "Marahaba, hujambo?" Mtunza hazina alilisema naye polepole, mapigo saba, kiganja cha kushoto cha mzee kikigonga goti. Mwanzoni wawili, kisha mtunza hazina akipunguza sauti yake, kisha akibaki na pumzi tu. Ilichukua muda mrefu, na siku nyingine lilikwama kabisa. Lakini lilipotoka peke yake, vijana walirudi. Wakaja na shikamoo zao, wakajibiwa, wakakaa. Baadaye yakaongezeka "karibu ndani" na "asante mama", na hapo akafika mwisho wa uwezo wake. Kwa mzee anayepokea wageni kibarazani, maneno hayo yanatosha kwa sehemu kubwa ya siku.

Nimestaafu sasa, lakini bado naitwa kuzungumza na wauguzi vijana. Wamekwisha kusikia kwenye simu zao kwamba mgonjwa wa afasia huweza kuimba, kwa hiyo wanamsimamia mgonjwa na kumwambia: "Mzee, imba." Mzee anawatazama. Nawaambia wavute kiti wakae mbele yake, wamwulize mkewe ni wimbo gani mgonjwa aliukulia, wavute pumzi aione, kisha waanze wao.